Usiwe Moteur ya Zamani

Faida mwanangu,

Pasipoti yako iko ndani ya aspirateri.

Nimeiweka humo asubuhi hii, mara tu ulipofunga mlango kwenda kusukwa nywele. Nilifungua mkoba wako, nikaitoa, nikafungua ile mashine yetu ya kuvuta vumbi na kuitumbukiza nyuma ya mfuko, kisha nikarudishia kifuniko. Nikaketi karibu na mashine kama mlinzi wa benki. Nikajiambia: ataitafuta, hataiona, ndege ya kesho itaondoka bila yeye, na ile kazi watampa mtu mwingine. Atanichukia mwaka mzima. Na anichukie. Mtu anayekuchukia ana pumzi.

Sasa niko mezani jikoni na karatasi zilizobaki kwenye daftari zako za shule. Nywele zile nyembamba ulizotaka zitachukua mchana wote, kwa hiyo nina nafasi. Sijui bado kama nitaitoa. Naandika labda nitajua.

Naandika kwa Kiswahili cha Kigoma, kile nilichojifunza kwenye kambi ya wakimbizi, ambacho unasema kinanifanya niwe kama msomaji habari wa redio. Kicheke tu. Kifaransa changu ni cha kazini, hakina maneno ya kumlilia mtoto.

Mambo ya chandarua, maji ya kuchemsha na kutotembea jioni sitakuambia. Muuguzi ni wewe, na ushauri wote umeshanibandikia mimi kwenye friji, kana kwamba mimi ndiye ninayesafiri. Mimi nina jambo moja tu, na nimelibeba tangu Alhamisi.

Unaikumbuka aspirateri ya Madame wa Auderghem, ninayemsafishia nyumba hapa Brussels. Siku za Jumatano, shule ikifungwa mchana, ulikuwa unakuja nami kazini na kuipanda kama farasi. Ile ya kahawia, ya chuma, nzito mpaka nilikuwa naiteremsha ngazi kwa kuikumbatia. Madame alipewa siku ya harusi yake. Aliniambia maneno yaleyale mara nyingi, akiipigapiga mgongoni: zamani walitengeneza vitu vya kudumu, Espérance, vya siku hizi ni takataka. Nami niliitikia, kwa sababu niliona kwa macho yangu. Mashine yake ilikuwa inanguruma tangu siku ya kwanza nilipoingia nyumba ile, wakati sisi hapa Schaerbeek tumezika ngapi? Ile nyekundu, ile tuliyonunua kwa punguzo, ile iliyotufia siku ya komunio yako wageni wakiwa mlangoni.

Basi maneno ya Madame, na mota yake, nikayaleta nyumbani. Nikirudi miguu imevimba ukaniuliza kama nimechoka, nilisema: «Mimi niko moteur ya zamani, haichokake.» Ulikuwa unacheka mpaka unakaa chini. Kanisani, watu wakiniuliza tulitokaje kule na ile barabara tuliipitaje, nilisema vilevile: sisi watu wa Kivu tuko moteur ya zamani. Wote wanacheka, wananipa chai, na swali linaisha. Nililipenda neno lile kwa sababu hiyo, lilikuwa linafunga maswali.

Jumatatu ukaniambia. Uliniambia taratibu, umenishika mikono miwili, kama mnavyofundishwa kumpa mtu habari mbaya. Unakwenda Bukavu, hospitalini, miezi sita, pengine zaidi. Mji uleule, ambao leo uko tena mikononi mwa watu wenye bunduki. Nikasema «bon, haya», nikaenda kuosha sahani zilizokuwa safi. Ukanifuata, ukasema: «Maman, sema kitu basi.» Nikachukua sahani nyingine. Nilikutoa huko ukiwa mgongoni, na sasa unarudi kwa miguu yako na tiketi umelipiwa.

Alhamisi nikaenda kwa Madame kama kawaida. Nilikuwa katikati ya ngazi na ile mashine ya kahawia, nikasikia sauti yake inabadilika. Ilipanda juu, ikawa nyembamba, kama mtu anayelia kupitia puani. Ningezima. Lakini akili yangu ilikuwa Bukavu, na mkono uliendelea kusukuma. Mara cheche za buluu zikaonekana kwenye matundu ya nyuma, harufu ya kuungua ikajaa ngazi nzima, ikanyamaza. Nikaketi pale pale juu ya zulia, nikaanza kulia kwa sauti. Nililia kama kwenye msiba, Faida, kamasi zinatoka, siwezi kujizuia.

Madame akaja mbio na slipa zake.

«Mais non, Espérance! Ni aspirateur tu! Hukuiharibu wewe, ilikuwa imezeeka!»

Nikazidi kulia. Akaketi karibu nami, akanishika bega, kisha akaitazama ile mashine yake ya harusi, naye machozi yakamtoka. Tukawa wanawake wawili kwenye ngazi tunaililia mashine moja, kila mtu na lake. Ungetuona ungecheka.

Mume wake akaipakia kwenye gari kuipeleka kule wanakopokea vyombo vibovu. Nikaenda naye ili kumsaidia kubeba zulia kuukuu. Pale kuna kizimba cha waya, kikubwa kama sebule yetu, na ndani yake zimerundikwa aspirateri. Nikatafuta mahali pa kuiweka yetu, ndipo nikaona nyingine kama ile. Kahawia ileile, chuma kilekile, shingo ileile iliyopinda. Pembeni yake nyingine. Chini yao nyingine tena, kamba yake bado imefungwa vizuri, rangi inang'aa, inaonekana ilifanya kazi kidogo tu, ikafa, ikasahaulika kwenye ghala la mtu. Nikamwuliza kijana wa pale kama za zamani zinakuja nyingi. Akasema: «Kila siku, Madame.»

Nikasimama pale mpaka mume wa Madame akapiga honi.

Zote hizi zilitoka kiwanda kimoja. Madame na mimi tulikuwa tunaisifu moja iliyobaki, tukasema za zamani zilikuwa zinadumu. Zilizokufa hakuna mtu anayeziweka sebuleni ili azipigepige mgongoni. Ziko kizimbani, hazionekani, kwa hiyo hazihesabiwi.

Ningeweza kuishi na hilo, ni habari ya mashine tu. Lakini jana watu wa kanisa walikuja kukuombea. Wakakuweka katikati, tonton, yule mzee wa kwaya, akaomba mpaka jasho, na mwisho wakakuambia useme neno. Ukasimama, mzuri namna ile, ukaniangalia mimi. Ukasema:

«Maman yangu anaogopa. Maman, usiogope. Mi niko moteur ya zamani, sawa vile wewe.»

Wakapiga makofi. Wakasema amen. Mimi nikaingia jikoni nikauma taulo. Niliona kwamba unakwenda kule ukiamini una kitu ndani yako ambacho hakivunjiki, na kwamba kitu hicho nimekupa mimi.

Sina hicho kitu. Sikiliza sasa, nikuambie habari ya Riziki.

Unamjua kwa sababu ni jina lako la pili, na kwa sababu kila mwaka namwombea misa. Ulipouliza, nilikuambia ni mdogo wangu aliyekufa kwa homa. Ni kweli, lakini ni ukweli mfupi. Riziki ndiye aliyekuwa na nguvu kwetu. Alikuwa anabeba gunia la unga kichwani huku anagombana na mtu njiani na hamwagi hata kidogo. Tulipotoka Bukavu kwa miguu kuelekea Uvira, wewe ulikuwa wa miezi michache, baba yako alikuwa ametangulia huku Ulaya na hatukuwa na habari zake. Mimi nilikuwa na homa, maziwa yamekauka, nilikuwa nakokota miguu. Riziki alikufunga mgongoni kwake, sufuria kichwani, na mkono mmoja ananivuta mimi. Nikisema tupumzike, anajibu: «Pumuzika weye, mi niko sawa.» Tukikaa, yeye anasimama. Tukilala, yeye anakubembeleza. Alikuwa na homa kabla yangu mimi, akaificha. Nilimgusa mkono ukawa kama sufuria iliyotoka jikoni, nikasema unaumwa. Akaniita kama tunavyomwita dada mkubwa: «Niko sawa, yaya, tutembee.»

Kwenye mlima mmoja alisimama. Akakufungua mgongoni polepole, akakuweka mapajani mwangu, akaketi. Akasema: «Unishikie mutoto kidogo, yaya.» Akaegemea begi letu. Mimi nikafikiri analala, nikafurahi, nikasema hatimaye amekubali kupumzika. Nilikaa karibu naye nikikuimbia.

Kama kudumu ni nguvu, leo Riziki ndiye angekuwa anakuandikia, na mimi ningekuwa jina lako la pili. Watu wanaposema sisi wa Kivu hatuvunjiki, wanatuona sisi tuliopo ukumbini na sahani za wali. Riziki hayupo ukumbini. Mimi nilibaki tu, Faida. Sijui kwa nini ni mimi, na kila nikifikiria napata kizunguzungu. Usilichukue jambo hilo ukalifanya dawa ya kujikinga na risasi.

Naogopa. Nimeandika neno hilo nikalifuta, sasa naliacha. Nimekwenda chooni mara nyingi kama mtoto wa siku ya mtihani.

Unaukumbuka unga? Ulikuwa mdogo, sijui kama unaukumbuka au unakumbuka nilivyosimulia. Ni majira yetu ya baridi ya kwanza hapa. Mama mmoja wa parokia alikuwa ametupa aspirateri, na mimi nikaipenda kuliko televisheni. Ukamwaga mfuko mzima wa unga wa muhogo sakafuni. Mtu mwingine angechukua ufagio. Mimi nikasema tuko Ulaya, nikawasha mashine. Ikala, ikala, nikajisifu. Halafu nyuma yake likatoka wingu jeupe, ukawa mweupe tangu nywele mpaka soksi, unaruka unapiga kelele: theluji! theluji! Nami nikaendelea kuivutisha mpaka ikazimika.

Nikaipeleka kwa tonton Déo, yule wa Bukavu aliyekuwa anatengeneza vyombo vya umeme chini ya ghorofa mtaani kwetu. Akafungua, akatazama, akanitazama mimi.

«Maman Faida, hii ni bunga ya bugali?»

«Ilimwangika, tonton.»

«Donc mulipika bugali mu moteur.»

Alicheka siku hiyo mpaka akavua miwani. Kisha akaisafisha kwa brashi ndogo, na alipokuwa anasafisha alinieleza jambo ambalo nililisikia kwa sikio moja tu. Alisema: «Watu banasemaka moteur inakufa juu ya kazi mingi. Hapana. Inakufa juu ya kukosa hewa. Ile hewa yenye inavuta, njo inaipoza. Ukiziba njia, moteur haisimame. Inazunguka mbio kushinda, inalia, inajiunguza yenyewe.» Akanionyesha vipande viwili vyeusi ndani yake, vidogo kama meno ya mtoto, vile wanavyoviita makala, yaani makaa, vinavyogusana na mota na kulika kila siku. Akavitoa, akaweka vipya. Nikasema za zamani ni nzuri, zinadumu. Akasema, akinionyesha skrubu: «Zilikuwa na vis, maman. Njo siri yote. Mutu alikuwa anaweza kufungua.»

Leo nafikiri mashine ya Madame ilifika miaka ile yote kwa sababu kila ilipolegea kuna mtu aliyeifungua na kubadilisha makala. Mimi mtu wa kunifungua alikuwepo. Ulikuwa wewe. Ulikuwa unakuja jioni, binti mkubwa tayari, unaniuliza: «Maman, kule ilikuwa namna gani?» Na mimi nakurudishia ile ya moteur ya zamani. Uliacha kuuliza, na ukaenda kujifunza uuguzi, na nadhani sasa unakwenda kuuliza huko huko kwenyewe. Hilo ndilo linalonikata. Ungekaa kwenye kiti hiki ningekuambia yote.

Umechelewa kukaa, najua. Mimi ndiye niliyechelewa kusema.

Kwa hiyo nakuomba jambo la ajabu. Ile aspirateri yetu ya sasa, ya plastiki, unayoipiga teke kwa sababu inazima katikati ya kazi: uwe kama hiyo. Ina kidude ndani kinachohisi joto. Joto likizidi, inajizima, hata kama wageni wako mlangoni. Unaisema ni mvivu. Unaondoa uchafu, unasubiri ipoe, unabonyeza, inawaka tena. Ile ya Madame haikuwa na kidude hicho. Iliendelea mpaka ikaungua ikiwa mikononi mwangu, na sifa zake zote.

Utakapokuwa kule, wagonjwa wamejaa mpaka kwenye korido na daktari anakutazama wewe, utajisikia unasema «niko sawa». Mara ya kwanza ni adabu. Ukijisikia umeisema tena bila mtu kukuuliza, Faida, hiyo ndiyo sauti nyembamba. Zima. Weka chini unachobeba, toka nje, piga simu. Waache waseme huyu wa Ulaya ni laini. Ukiona lazima urudi hata kabla ya wiki kwisha, rudi. Nitakuja uwanja wa ndege Zaventem na chakula, na hakuna mtu wa kanisa atakayenisikia nikisema umekimbia. Na wakisema, nitawaambia kukimbia ni kazi ya ukoo wetu, tuna uzoefu.

Na ukinipigia usiniambie uko sawa. Niambie unaumwa wapi.

Hapa niliacha kalamu. Sikuweza kuendelea, nikafanya ninachofanya siku zote nikishindwa: nikaamua kusafisha. Nikaivuta aspirateri mpaka chumbani kwako, nikachomeka waya, nikawasha. Nilikuwa nimesahau kabisa kilichomo ndani. Ikalia. Ilipanda juu, ikawa nyembamba, sauti ileile ya Alhamisi kwenye ngazi, na bomba halivuti hata uzi. Nikasimama katikati ya chumba chako nikiisikiliza, na safari hii mkono wangu ulizima.

Pasipoti ilikuwa imelala juu ya njia ya hewa. Mimi ndiye niliyeiweka.

Nimeitoa. Nimeifuta kwa taulo ya jikoni, ukurasa kwa ukurasa, na picha yako ilikuwa inanitazama kwa hasira kama unavyotazama kwenye picha zote za serikali. Iko kwenye mkoba wako, mfuko wa ndani, pale ulipoiweka. Barua hii nitaikunja nitaiweka karibu nayo. Nilitaka usijue nilichofanya, lakini nimekwisha kukuambia kwamba vitu vinavyodumu ni vile vinavyofunguka, kwa hiyo na mimi nimefungua.

Sikukubali uende. Nataka ulijue hilo. Nimeshindwa kukuzuia, si zaidi ya hapo, na kesho uwanjani nitatabasamu na utajua kuwa ni uongo.

Koko yako, mama yangu, alikuwa na sharti moja: mtu akisafiri, nyuma yake hapafagiwi mpaka isikike kwamba amefika. Ukifagia, alisema, unazifuta nyayo zake na hatajua pa kurudia. Mimi nimefagia nyumba za watu maisha yangu yote hapa Brussels na nilikuwa nalichukulia kama neno la kale tu. Jumatatu nitakwenda Auderghem, wameshanunua mashine mpya, nitavuta vumbi la Madame kuanzia chini mpaka juu. Chumbani kwako sitaingia na mashine. Hata ukinipigia kwamba umefika salama, sitaingia. Nywele zako kwenye mto, makombo ya biskuti chini ya kitanda, yale niliyokugombeza kila Jumamosi, yote yatakaa kama ulivyoyaacha.

Kwenye pembe za pasipoti vumbi kidogo limekataa kutoka. Ni la chumba hichohicho. Vuka nalo mpaka, lala nalo, na lirudishe. Sitavuta vumbi lako, Faida. Rudi ulivute mwenyewe.

Nasikia ufunguo wako mlangoni.

Mama yako